Mtama wa Danieli na meza zetu

Ndugu msomaji, kama una Biblia karibu, fungua Kitabu cha Nabii Danieli, sura ya 1, aya ya 8 hadi 16. Ni habari ya vijana wanne wa Kiyahudi waliochukuliwa mateka hadi Babeli na kuwekwa katika nyumba ya mfalme ili wasomeshwe kwa miaka mitatu. Mfalme aliagiza wapewe chakula kilekile alichokula yeye, na divai ileile aliyokunywa. Kwa kijana aliye uhamishoni, asiye na baba wala mama karibu, hiyo ilikuwa bahati ya mwaka. Danieli akaikataa. Akamwomba msimamizi awajaribu siku kumi kwa chakula cha mimea na maji ya kunywa, kisha alinganishe nyuso zao na za wenzao waliokula mezani pa mfalme. Siku kumi zilipokwisha, waliokula mimea ndio waliokuwa na nyuso za kupendeza na miili iliyojaa afya.

Katika Kiebrania, neno lililotumika kwa chakula hicho lina mzizi mmoja na neno la mbegu. Ni vitu vinavyopandwa ardhini vikaota. Watafsiri wa Biblia ya Kiswahili ya Muungano walipofika hapo waliandika mtama. Msomaji wa Tabora, Nzega au Urambo akikutana na neno hilo hahitaji mwalimu wa kumfafanulia. Chakula cha nabii ni kilekile kilichokuwa katika ghala la bibi yake.

Swali linaloulizwa kila mahali

Nimechagua somo hili kwa sababu ya swali ambalo siku hizi linaulizwa parokiani karibu kila wiki. Mama mmoja wa WAWATA ameambiwa kliniki kwamba sukari imepanda. Mzee wa UWAKA ameamka asubuhi na mkono wa kulia haunyanyuki. Kijana ametumiwa kwenye simu video ya mtu anayeapa kwamba ukiacha nyama, maziwa na mayai, magonjwa yote yatakimbia. Wote wanamwuliza padre: Je, tuache nyama? Na Kanisa linasemaje?

Si swali la mchezo. Zamani tukisikia presha na kisukari tulidhani ni magonjwa ya wakubwa wa mjini. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 kwa watu wa umri wa miaka 25 hadi 64 ulionyesha kwamba takriban mtu mmoja kati ya wanne hapa Tanzania alikuwa na shinikizo la juu la damu, na karibu asilimia 9 walikuwa na kisukari. Utafiti huohuo ulionyesha kwamba zaidi ya watu tisa kati ya kumi hawali matunda na mboga za kutosha kwa siku. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kila siku, na chumvi isizidi gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote vya siku hiyo.

Padre huziona takwimu hizi zikiwa na sura na majina. Huziona anapopeleka Mpako wa Wagonjwa kwa baba wa miaka 48 aliyepigwa na kiharusi, au kwa mama aliyekatwa mguu kwa sababu kidonda hakikupona. Huziona makaburini, pale watoto wanne wanapobaki na bibi. Kwa hiyo tusidhani kwamba habari ya chakula ni ya wataalamu wa lishe peke yao. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2288, inafundisha kwamba uhai na afya ya mwili ni vipaji vya thamani tulivyokabidhiwa na Mungu, na kwamba tunapaswa kuvitunza kwa busara. Namba 2290 inataja kiasi katika chakula sambamba na kiasi katika pombe na tumbaku. Mtume Paulo naye aliwakumbusha Wakorintho kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu.

Mji wenye jina la chakula

Sisi wa magharibi hatuhitaji kwenda Babeli kujifunza chakula cha mimea. Wazee wengi husimulia kwamba hata jina la Tabora limetokana na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa vipande na kuanikwa juani. Ndugu yake ni michembe, ambayo huanikwa mibichi. Chakula hiki hakikuhitaji friji wala kopo. Kilikaa ghalani mpaka msimu wa njaa, na kilibebeka safarini.

Na safari zilikuwa ndefu. Kabla ya reli ya kati kufika Tabora mwaka 1912, bidhaa zote kati ya pwani na Ziwa Tanganyika zilikwenda juu ya mabega ya watu. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba mzigo wa kilo 30 hivi, mbali na mkeka wake na chungu chake, akatembea zaidi ya kilomita 800 kati ya Unyanyembe na Bagamoyo. Msafara uliotoka pwani kwa kawaida ulitumia takriban miezi mitatu kufika hapa. Posho ya mpagazi ilikuwa kibaba cha nafaka kwa siku. Kwa wengi kibaba hicho kilikuwa cha mtama, ukasongwa ugali, ukaliwa na mboga za majani, kunde au karanga. Nyama ilionekana siku windo lilipopatikana, au siku ng'ombe alipochinjwa kwa sababu maalumu. Ilikuwa furaha ya siku hiyo, na kesho yake watu walirudi kwenye mtama. Neno posho tunalolipenda sana katika vikao na semina lilianzia katika kibaba cha namna hiyo.

Juni 1878 Wamisionari wa kwanza wa Afrika, tuliowazoea kwa jina la Mapadre Weupe, waliondoka Bagamoyo kwa njia hiyohiyo wakielekea Tabora, Ujiji na Buganda. Mmoja wao, Padre Pascal, alifia njiani. Imani tunayoiungama leo ilifika huku ikiwa imebebwa na mabega yaliyolishwa mtama.

Tusiipambe historia hiyo kuliko ilivyokuwa. Katika njia hiyohiyo walipita watu waliofungwa minyororo, walioshiba njaa na viboko. Miembe inayofuata njia ya misafara, ambayo wazee husema iliota kutokana na kokwa zilizotupwa na wapita njia, imeona machozi mengi. Wala babu zetu hawakuishi miaka mingi wote. Malaria, ukame na uzazi usio na mkunga viliwaua mapema. Lakini jambo moja ni kweli. Mwili uliotembea kutoka Unyanyembe hadi baharini na mzigo begani haukuwa mwili dhaifu, na haukula nyama kila siku. Anayesema kwamba bila nyama mtu hana nguvu, awaulize hao.

Madaktari wawili wa Mulago

Kuna madaktari wawili Wakristo ambao Afrika Mashariki iliwafundisha jambo hili, nao wakaufundisha ulimwengu. Wa kwanza ni Hugh Trowell, Mwingereza aliyefika Kenya mwaka 1929, kisha akafanya kazi miaka mingi katika hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1956, yeye na mwenzake walichapisha katika jarida la kitabibu la Afrika Mashariki habari za mgonjwa mmoja Mwafrika mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo. Fikiri juu ya hilo, ndugu msomaji. Mgonjwa mmoja tu wa moyo alitosha kuandikiwa makala, kwa kuwa ugonjwa huo ulikuwa nadra mno kwa wenyeji wa wakati ule. Trowell aliporudi Uingereza alipata daraja la ukasisi katika Kanisa Anglikana.

Wa pili ni Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, aliyefika Uganda mwaka 1946. Jina lake limebaki katika saratani ya watoto aliyoieleza mwaka 1958. Baadaye aligeukia swali jingine: mbona magonjwa yaliyojaa katika hospitali za Uingereza, kama saratani ya utumbo mpana, hayakuonekana sana kwa watu wa vijijini Afrika? Akalinganisha muda ambao chakula kinakaa tumboni, na hata kiasi cha choo, kati ya watu wa vijijini huku na watu wa kwao. Jibu alilolishikilia hadi uzee wake lilikuwa nyuzinyuzi: zile sehemu za nafaka nzima, kunde, mboga na matunda ambazo mwili hauzisagi zote, lakini husaidia tumbo kufanya kazi na sukari kuingia katika damu polepole.

Sasa tazama tulichofanya. Tumepeleka mahindi mashineni, tukayakoboa, tukaondoa ganda na kiini, tukaita sembe, tena tukaiona ndiyo yenye hadhi. Pumba tumewapa kuku na nguruwe, nasi tumebaki na wanga mweupe. Yaliyowashangaza madaktari wa Ulaya kwa uzuri wake sisi tunayatupa bandani.

Tangu hapo ushahidi umeongezeka. Oktoba 2015 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliiweka nyama ya viwandani, kama soseji na bekoni, katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa hakika, na nyama nyekundu katika kundi la vile ambavyo yaelekea vinasababisha. Huko Marekani, ndugu zetu Wasabato wamekuwa wakichunguzwa kwa miaka mingi. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2013, kwa watu zaidi ya 73,000, yalionyesha kwamba Wasabato wanaokula mimea zaidi walikuwa na vifo pungufu kwa asilimia 12 katika kipindi cha uchunguzi, wakilinganishwa na Wasabato wenzao wanaokula nyama. Tunatofautiana nao kuhusu siku ya Bwana na mambo mengine, lakini mwenye haki apewe haki yake. Katika hili wana la kutufundisha.

Je, Mkristo aache nyama?

Hapa lazima tuwe waangalifu, maana ni rahisi kugeuza lishe kuwa dini. Katika Mwanzo sura ya 1, Mungu anawapa wanadamu mimea yenye mbegu na matunda ya miti kuwa chakula. Katika sura ya 9, baada ya gharika, anawaruhusu kula nyama. Yesu alikula Pasaka, na baada ya ufufuko alikula samaki mbele ya wanafunzi wake, na kando ya ziwa aliwaandalia samaki juu ya makaa. Katika Injili ya Marko, sura ya 7, anafundisha kwamba kinachomtia mtu unajisi hutoka moyoni, wala si kile kinachoingia tumboni. Paulo, katika barua ya kwanza kwa Timoteo, anawaonya wanaowakataza watu vyakula ambavyo Mungu aliviumba vipokewe kwa shukrani. Kwa hiyo anayekuambia kwamba kula nyama ni dhambi hafundishi imani ya mitume.

Hata Danieli mwenyewe hakuwa mtu wa kukataa nyama maisha yake yote. Soma sura ya 10, aya ya 3. Anasema kwamba katika majuma matatu ya maombolezo hakuonja nyama wala divai. Maana yake ni kwamba siku nyingine aliweza kuonja. Wala sababu yake ya kukataa chakula cha mfalme haikuwa presha wala sukari. Alikataa asije akajitia unajisi, asije akaanza kwa kula meza ya mfalme akaishia kuisujudia sanamu yake. Danieli alijua kwamba anayekupangia meza anaweza kukupangia na moyo.

Hapo ndipo somo hili linapotugusa sisi. Nani anaipanga meza yako leo, ndugu? Je, ni afya ya watoto wako, au ni bango la soda pale stendi? Je, ni kipato chako, au ni hofu ya kwamba majirani watasema umefulia? Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 11, Waisraeli jangwani walililia nyama mpaka wakadharau mana waliyopewa kila asubuhi. Walipewa kware, wakala kwa pupa, na mahali pale pakaitwa makaburi ya tamaa. Jina hilo linatisha, kwa sababu makaburi ya tamaa tunayo hata sisi, tena mengine bado udongo wake ni mbichi.

Basi jibu langu ni hili. Kanisa halimlazimishi mtu kuacha nyama, lakini linamdai kila mtu kiasi. Na kwa hali ya afya zetu ilivyo, kiasi hicho kinatutaka turudishe mimea kuwa chakula cha kila siku, na nyama iwe ya sikukuu, kama ilivyokuwa kwa wazee wetu. Yule ndama aliyenona katika mfano wa Mwana Mpotevu alikuwa na maana kubwa kwa sababu hakuchinjwa kila Jumamosi.

Heshima ya nyama

Najua kikwazo chetu ni nini. Kwetu nyama ni heshima. Mgeni akija, kuku hukimbizwa uwanjani. Harusi isiyo na nyama ya kutosha inasemwa mwaka mzima, na kamati ya harusi huchangisha mamilioni ili ndafu aingie ukumbini kwa vigelegele. Msibani, wapo wanaouliza ng'ombe ni wangapi kabla hawajauliza marehemu aliugua nini. Watani nao wapo tayari kukutia aibu sufuria la nyama likipungua. Baada ya Misa ya kwanza, baadhi ya akina baba huelekea moja kwa moja kwenye kilo ya kitimoto na bia mbili, na Komunyo bado haijatulia kifuani.

Hata katika Kwaresima tunajua kujidanganya. Kanuni ya 1251 ya Sheria ya Kanisa inatutaka tujinyime nyama, au chakula kingine kadiri ya maagizo ya Baraza la Maaskofu, siku za Ijumaa. Tunaacha nyama ya ng'ombe ya shilingi chache, tunanunua sato mkubwa wa kukaangwa wa bei mara tatu, kisha tunasema tumefunga. Sheria imetimia, lakini mwili na maskini hawajapata kitu.

Kitabu cha Mithali, sura ya 15, aya ya 17, kinatuambia kwamba mlo wa mboga penye upendo ni bora kuliko ng'ombe aliyenona penye chuki. Nami naomba tuanze kuliamini neno hilo katika sherehe zetu. Kisamvu kilichoungwa kwa karanga, uyoga wa porini wa masika, mlenda, nsansa, njugu mawe, maharage, ugali wa mtama na asali ya Tabora: hivi si vyakula vya aibu. Ni urithi. Mtakatifu Benedikto, katika Kanuni aliyowaandikia watawa wake karne ya 6, aliwataka wajiepushe na nyama ya wanyama wa miguu minne, isipokuwa wagonjwa walio dhaifu sana. Hakuwanyima heshima kwa kufanya hivyo. Alitaka wawe wepesi kwa sala na kazi.

Katika hili viongozi wa Kanisa tutangulie. Wanakigango wanapotuandalia chakula, wanatutazama tunapeleka mkono wapi. Padre akiomba mboga zaidi na maji badala ya soda, mama mwenye nyumba atapumua, maana pengine kuku yule alikuwa ndiye mtaji wake wa mayai.

Tahadhari nne

Nisipoyasema haya nitakuwa nimewapotosha wengine.

Kwanza, usitupe dawa. Tunakumbuka kikombe cha Loliondo mwaka 2011, na wapo walioacha dawa zao wakaumia. Chakula cha mimea kinaweza kushusha sukari na presha, na ndiyo sababu mgonjwa anayetumia vidonge au sindano ya insulini amweleze daktari kabla ya kubadili mlo, sukari isije ikashuka kupita kiasi. Mgonjwa wa figo naye asijaze sahani maharage na ndizi bila ushauri, maana madini ya potasiamu yanaweza kumdhuru.

Pili, watoto na wajawazito. Daktari Trowell niliyemtaja ndiye huyohuyo aliyesomea kwa undani kwashakoo, ugonjwa wa watoto wanaovimba miguu na kubadilika nywele. Aliuona kwa watoto walioachishwa ziwa wakapewa wanga mtupu. Mtoto hawezi kukua kwa uji mweupe na ugali mweupe. Anahitaji maharage, kunde, karanga, maziwa, yai, dagaa wa Kigoma. Mama usimnyime mtoto yai kwa sababu ya video uliyoiona kwenye simu. Na mtu mzima akiamua kuacha kabisa nyama, samaki, maziwa na mayai, ajue kwamba vitamini B12 haipatikani ya kutosha katika mimea. Atahitaji kuipata kwa njia nyingine, kwa ushauri wa kituo cha afya.

Tatu, si kila kisicho na nyama ni afya. Chipsi ni mimea. Soda ni sukari ya miwa. Maandazi ni ngano. Ukiacha nyama ukahamia huko, umetoka kwenye shimo na kuingia kisimani. Hata embe letu tamu, mwenye kisukari ale kipande kwa kipimo, asinywe juisi ya maembe matatu katika glasi moja.

Nne, usimhukumu mwenzako. Paulo, katika barua kwa Waroma, sura ya 14, anasema alaye asimdharau asiyekula, wala asiyekula asimhukumu alaye. Tena tuwakumbuke wale ambao hawali nyama kwa sababu hawana. Kumhubiria habari ya kupunguza nyama mtu anayeiona Krismasi na Pasaka tu ni kumdhihaki. Huyo anahitaji ekari yake ya kunde na mbegu nzuri. Wakulima wetu wa tumbaku wa Urambo, Kaliua na Sikonge wanalijua jambo hili. Ukilima tumbaku mpaka mlangoni, fedha itakuja mara moja kwa mwaka, lakini mboga utainunua kila siku.

Tufanye nini?

Wazee wenzangu watakumbuka kampeni za redio za Mtu ni Afya mwaka 1973 na Chakula ni Uhai mwaka 1975. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadili, kisha wakaenda kufanya: kuchimba choo, kufyeka nyasi, kupanda mboga. Mwaka huohuo wa 1973 iliundwa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, ambayo iko mpaka leo. Sisi tunavyo vikundi tayari: ni Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, zinazokutana kila wiki katika nyumba zetu. Hatuhitaji kuunda kamati mpya.

Naomba kila Jumuiya ijaribu mambo machache. Jumatano na Ijumaa ziwe siku zisizo na nyama. Didakhe, andiko la Wakristo wa mwanzo kabisa, linashuhudia kwamba hizo ndizo siku walizofunga, na fedha iliyookolewa wapewe wagonjwa wa Jumuiya. Familia zinunue mahindi au mtama wazisage bila kukoboa. Sherehe za parokia ziwe na mboga na matunda ya kutosha, na maji yawekwe mezani kabla ya soda. Kila nyumba yenye nafasi hata ya hatua tano ipande mchicha, matembele na mpapai. Na mara moja kila baada ya miezi mitatu, tuwaombe wauguzi waumini waje baada ya Misa kupima presha na sukari, kwa sababu wengi wetu tunatembea na ugonjwa tusioujua. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Anayetaka kuanza leo, aanze na siku kumi kama Danieli. Siku kumi si nyingi. Ni fupi kuliko novena mbili. Kula nafaka nzima, maharage, mboga na tunda, kunywa maji, tembea kwa miguu kwenda Jumuiya. Mwenye dawa aendelee na dawa zake na amwambie daktari wake. Siku ya kumi na moja jitazame, nenda kapimwe, kisha uamue mwenyewe.

Tunaomba kila siku mkate wetu wa kila siku. Hatukufundishwa kuomba karamu ya kila siku. Mungu, aliyewalisha baba zetu katika njia ndefu kwa kibaba cha mtama, atujalie hekima ya kukipokea chakula chake kwa shukrani, kukila kwa kiasi, na kumgawia asiye nacho. Wagonjwa wetu wa kisukari, presha na kiharusi awape nafuu, na wanaowauguza awape uvumilivu.

Nawatakia Dominika njema na yenye baraka.